Musawo Anajibu: Surua imerudi mitaani, na ile sindano ya miezi 18 mmeisahau

Wasomaji habari zenu, ni musawo wenu, yaani mtu wa afya. Mwezi huu kwenye simu ya safu hii karibu kila meseji ni surua, surua, surua, wengine mnaiita olukusense, wengine mmetuma tu picha ya mgongo wa mtoto bila hata salamu (jamani, salamu!). Nimechukua zile ambazo zinagusa watu wengi, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa. Wale wa presha na vidonda vya tumbo mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

"Mama mkwe anasema akidungwa sindano surua itarudi ndani"

*Habari musawo, niko huku Busia na mtoto wangu wa miaka miwili na nusu, joto imempanda hii ni siku ya nne, macho mekundu yanatoa machozi, anakohoa, kamasi haziishi na jana jioni vipele vimeanza nyuma ya masikio saa hii vishafika kifuani. Mama mkwe anasema ni surua tusimpeleke hospitali maana akidungwa sindano vipele vitarudi ndani vimuue, tumuogeshe majani ya bombo tumfungie chumba cha giza, asile nyama wala mayai mpaka vikauke. Mume wangu yuko safari anasema nimsikilize mama. Nifanye nini*

Dada, mpeleke leo. Vaa viatu kwanza, haya mengine utayasoma ukiwa kwenye boda.

Ulivyoeleza ndivyo surua inavyokuja yenyewe, joto kali kwanza siku mbili tatu nne pamoja na kikohozi, kamasi na macho mekundu, watu wanadhani ni homa ya kawaida au malaria, alafu ndio vipele vinatokea usoni na nyuma ya masikio vinashuka shingoni, kifuani, mpaka miguuni. Kwenye ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu ule wa kwenye vitabu, mara nyingi utaona ngozi imekuwa ya kukwaruza na nyeusi zaidi, ukiipapasa unaisikia, na baadae inabanduka. Mapema kabisa kabla vipele havijatoka kunakuwaga na vidoti vyeupe ndani ya mashavu kama chembe za chumvi, ila kwa hatua aliyofika mwanao pengine vimeshapotea kwa hio usimsumbue kumfungua mdomo.

Sasa hii ya sindano kurudisha vipele ndani. Nimeisikia Busia, nimeisikia Mbale, nimeisikia mpaka Kampala kwa watu wenye digrii zao, na naelewa inakotoka. Familia inakaa na mtoto nyumbani na majani, siku zinapita, mtoto anashikwa na nimonia, anaanza kuhema haraka haraka, ndio wanakimbia hospitali usiku, musawo anamdunga sindano ya kuokoa maisha, mtoto anafariki asubuhi. Watu wameona nini? Wameona sindano kisha kifo. Ile nimonia iliyokuwa inamla siku tatu hakuna aliyeiona. Vipele havirudi popote dada. Kirusi kilianzia kwenye njia ya hewa na kikasambaa mwilini kabla hata kipele cha kwanza hakijatokea, na kinachoua watoto wa surua ni nimonia, kuharisha mpaka maji yaishe mwilini, na mara chache ubongo kuvimba, karibu mtoto mmoja kwa kila wagonjwa 1,000.

Ukifika kituoni usikae na mtoto kwenye benchi la foleni na watoto wengine. Mwache nje na mtu, au simama naye nje, tuma mtu aseme "kuna mtoto wa surua hapa" watawatafutia pahali. Hewa ya chumba alichokohoa mgonjwa inaweza kuambukiza mpaka masaa mawili baada ya yeye kutoka, na wasio na kinga wakikaa na mgonjwa, 9 kati ya 10 wanaupata. Kwenye lile benchi kuna vichanga wa miezi mitano ambao hawajafikia hata umri wa chanjo.

Kitu cha kuulizia kwa jina lake ni vitamini A. Kwa mtoto wa umri wake ni kipimo cha yuniti 200,000 leo na kingine kama hicho kesho (wa miezi 6 mpaka 11 wanapewa nusu yake, walio chini ya miezi 6 robo), na kama macho yana shida anarudia tena baada ya wiki mbili mpaka sita. Kama anapewa cha leo na hakuna anayesema kesho, we sema. Surua inamaliza vitamini A mwilini na ndio inavyopofusha watoto, kuna watu wazima wengi tu mtaani hawaoni kwa sababu ya surua ya utotoni. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna, antibayotiki haiui surua, ila nimonia au sikio linalotoa usaha vikishaingia ndio inahitajika, na hio ni kazi ya musawo kupima, sio ya duka la dawa la kona. Joto mpe panado kwa kipimo cha uzito wake, aspirini usimpe. Akiharisha pakiti za ORS na zinki. Vidonda mdomoni kuna ile dawa ya zambarau. Macho yakitoa usaha kuna dawa ya tyubu, maziwa ya mama au maji ya majani machoni sitaki kusikia.

Usiku ukiona anahema haraka au mbavu zinazama, hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, ameshikwa degedege, amelegea haamki vizuri, au jicho limeweka ukungu mweupe, hio si ya kusubiri asubuhi.

Na mama mkwe usigombane naye. Majani ya kuogea nje ya ngozi mimi sina ugomvi nayo, yasinyweshwe tu na yasiingie machoni. Chumba cha giza pia hajakosea kabisa maana mwanga unaumiza macho ya mtoto wa surua, vuta pazia ila dirisha liache wazi hewa ipite. Pale aliponikosea mama yetu ni kwenye chakula. Mtoto wa surua anapungua kwa siku chache mpaka unashangaa, alafu ndio tumnyime mayai? Mpe mayai, mpe nyama iliyosagwa, papai, boga, viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, kidogo kidogo mara nyingi, na kama bado ananyonya anyonye. Mwambie mama hivi kwa heshima zote: musawo kasema majani tutaendelea nayo tukirudi, ila kwanza tunaenda kuchukua vitamini.

"Kwani ile ya miezi 9 ilikuwa feki?"

*Oya musawo mi mtu wa boda Kasese. Mtoto wangu wa kwanza alimaliza chanjo na miezi 9 wakatuambia hongera mmemaliza, sasa huyu wa pili nesi anasema nimrudishe na miezi 18. Kwani ile ya kwanza ni feki? Hapa steji wanasema ni biashara ya wazungu. Na nikienda kliniki nusu siku ya kazi imekwenda*

Kaka, biashara gani na haulipi kitu? Chanjo kwenye vituo vya serikali ni bure, yule nesi akikwambia rudi miezi 18 anajiongezea foleni tu.

Ile ya kwanza si feki, ila haimalizi kazi, na sababu yake iko hivi. Mtoto anazaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni, inamlinda miezi ya mwanzo, lakini hio hio kinga ikikutana na chanjo inaishambulia, maana chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, mwili wenye kinga ya mama unakimaliza kabla hakijafundisha kitu. Ukisubiri mpaka mwaka na zaidi kinga ya mama imeisha kabisa na chanjo inashika vizuri sana, lakini huku kwetu surua inawahi, inakamata watoto kabla ya mwaka, huwezi kusubiri. Kwa hio tunadunga na miezi 9 tukijua wazi kwamba kama watoto 85 kati ya 100 itawashika na 15 haitawashika. Kwa macho huwezi kuwajua ni akina nani. Wote 100 kadi zimegongwa mhuri, wote mmeambiwa hongera.

Sasa piga hesabu ya steji. Surua ili isisambae inabidi watu 95 kati ya 100 wawe na kinga, kwa sababu mgonjwa mmoja pasipo na kinga anaambukiza watu 12 mpaka 18, magonjwa machache sana yanaifikia. Hata kama Uganda nzima tungedunga kila mtoto na miezi 9, hakuna hata mmoja aliyekosa, tungefika 85 tu. Unaona? Dozi moja haiwezi kuisimamisha surua hata tukifanya kila kitu sawasawa. Wale 15 wa mwaka huu wanajumlishwa na 15 wa mwaka jana na wa juzi, wanakusanyika taratibu kimya kimya, alafu siku moja mgonjwa mmoja anapanda taksi na mnashangaa surua imetoka wapi. Ndio maana zamani tulikuwa tunafanya kampeni kubwa kila baada ya miaka kadhaa, ile ya Oktoba 2019 ya kuchanja watoto wa miezi 9 mpaka chini ya miaka 15 kwa surua na rubela (ugonjwa mwingine wa vipele) mtaikumbuka, walikuja mpaka mashuleni. Dozi ya pili ya miezi 18 iliingizwa kwenye ratiba ya kawaida ya nchi 2022, na ukiwa na dozi mbili kinga inafika kama 97 kati ya 100.

Kwa hio mtoto wako wa kwanza hawakukudanganya, kama alizaliwa kabla, wakati ule kadi ilikuwa inaishia miezi 9 kweli. Mpeleke naye na kadi yake wamwangalie, hata akiwa na miaka mitatu au minne dozi ya pili haijampita. Na kuhusu nusu siku yako, tangu Aprili 2025 chanjo ya malaria imeanza kwenye wilaya nyingi, ni miezi 6, 7, 8 na ya mwisho ni hio hio miezi 18, sindano mbili safari moja. Muulize VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chenu ni siku gani manesi wanakuja kuchanjia karibu, pengine ni mita mia tatu kutoka stejini.

Hili ndilo nitalirudia mpaka mnichoke. Watu wa miezi 9 wanakuja, mama bado yuko kwenye mkondo wa kliniki, mtoto mchanga, kila mtu anauliza. Miezi 18 mtoto anakimbia, anakula posho (ugali), haumwi, mama pengine ana ujauzito mwingine au amerudi sokoni, nani atakumbuka. Akina baba ndio mngeshika hii ya miezi 18 iwe yenu.

Nesi amegoma kufungua chupa

*Musawo mi nimekasirika. Nimetoka shamba na mtoto mgongoni nimefika kliniki (Mukono huku), nesi ananiambia leo watoto wa chanjo ya surua mko wawili tu, rudi Alhamisi. Dawa ipo nimeiona kwenye boksi! Huu si uonevu*

Mama, hasira yako nakupa asilimia mia, na pia nitakueleza kilichokuwa kichwani mwa yule nesi maana nimekaa kwenye kiti chake.

Chanjo ya surua na rubela inakuja chupa ya unga, ya watoto 10. Inachanganywa na maji yake maalum, na ikishachanganywa inakaa kwenye baridi na mwisho wake ni masaa sita au mwisho wa kikao cha chanjo, chochote kinachotangulia, alafu inamwagwa hata kama imebaki ya watoto wanane. Haina dawa ya kuzuia vijidudu ndani, ikikaa zaidi inaweza kuota bakteria na ikamuua mtoto, hapo hakuna mjadala. Chanjo zingine nyingi chupa ikifunguliwa unaweza kuitunza kwa siku nyingine, hii hapana. Nesi anaogopa kuonekana amepoteza dozi nane, mwisho wa mwezi ataulizwa, kwa hio anakusanya watoto wafike sita saba ndio afungue.

Ila kakosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi, chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi nane zilizomwagwa ni pesa kidogo na mama aliyerudishwa nyumbani mara nyingi harudi. We umetoka shamba, Alhamisi itanyesha, au nauli haipo, au mtoto ana kikohozi, wiki inakuwa mwezi. Ukirudishwa tena omba kwa upole kuonana na mkuu wa kituo, useme umetoka mbali na mtoto ameshapita tarehe ya kadi, mara nyingi inatosha. Na siku ambayo haiwezekani kabisa, omba waandike tarehe ya kurudi kwenye kadi na namba ya simu ya kituo uwapigie kabla hujatoka nyumbani. Akina mama wa sehemu moja wanaweza pia kupatana waende siku moja, watoto watano sita mkitokea mlangoni kwa pamoja hakuna nesi atakayesema rudi Alhamisi, sipendi kwamba mzigo huo uwe wenu lakini unafanya kazi.

Kikohozi kidogo na mafua, kwa njia, si sababu ya kumrudisha mtoto. Wala joto dogo.

Karti zilibakia njiani

*Jambo musawo, siye tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulitoka Rutshuru kule Kongo tukapita Bunagana na mguu, makarti ya chanjo ya watoto yote ilibakia kule. Nina wa miaka 7, wa miaka 4 na huyu wa miezi 7. Wakubwa naona kama walichomwa lakini mama yao ndiye alikuwa anajua naye hayuko tena. Wakichomwa mara ya pili si itawadhuru*

Pole sana ndugu yangu, kwa yote.

Haitawadhuru. Mtu mwenye kinga tayari akidungwa tena ile chanjo inakufa mwilini haifanyi chochote, mkono utauma kidogo basi. Kanuni yetu ni rahisi, pasipo na kadi tunahesabu hajachanjwa. Wale wawili wakubwa waanze dozi moja sasa na ya pili baada ya wiki nne au zaidi, wapewe kadi mpya, na hio kadi uiweke kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) pamoja na karatasi zako za ukimbizi, uipige na picha kwa simu. Pengine walipewa dozi mlipoingia, kwenye vituo vya mapokezi watoto huwa wanachanjwa surua, jaribu kukumbuka kama mlipopokewa walidungwa mkononi.

Huyu mdogo wa miezi 7 muulizie dozi ya mapema. Penye mkusanyiko wa watu wengi au penye mlipuko, watoto wanachanjwa kuanzia miezi 6, inaitwa dozi sifuri kwa sababu haihesabiwi, atarudia na miezi 9 na 18 kama kawaida kwa zile sababu za kinga ya mama nilizomweleza mtu wa boda hapo juu.

Na sikwambii hivi kwa kutisha, we unatoka huko unajua. 2019 dunia nzima ilikuwa inaangalia Ebola Kongo, wakati huo huo surua ilishika zaidi ya watu 310,000 nchini humo na kuua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Ebola kwenye mlipuko ule iliua kama 2,200. Ebola ilipata kamera, surua haikupata.

Klipu ya WhatsApp

*Musawo nimetumiwa klipu na kikundi cha kanisa, daktari mzungu anasema chanjo ya surua inaleta otizimu (ile hali ya ubongo mtoto anachelewa kuongea na kuchangamana) na wengine wanasema inafunga uzazi wa wasichana. Mimi nina binti miezi 10 bado sijampeleka naogopa. Kampala*

Hio ya otizimu ina mwenyewe. 1998 daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha kwenye jarida la Lancet habari ya watoto 12, kumi na wawili tu, akidokeza kwamba chanjo ya surua ya huko kwao inahusika. Ikaja kujulikana alikuwa analipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, na habari za watoto wenyewe zilichezewa. Jarida likaifuta makala Februari 2010 na yeye akafutwa kwenye rejista ya madaktari mwaka huo huo. Wengine wakaenda kupima kwa watu wengi, Denmark walifuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa hakuna tofauti ya otizimu. Kumi na wawili kwa laki sita na nusu, chagua mwenyewe.

Ya kufunga uzazi inazunguka kwa kila chanjo, ya polio, ya pepopunda, ya kansa ya mlango wa kizazi, ni hadithi moja inabadilishwa jina. Sisi tuliozaliwa miaka ya themanini na tisini tulichanjwa surua na angalieni madarasa ya P.1 (darasa la kwanza) yalivyojaa. Tena ile sehemu ya rubela kwenye hii chanjo inaulinda uzazi wa binti yako, mwanamke akipata rubela mimba changa anaweza kuipoteza au mtoto akazaliwa na mtoto wa jicho, moyo wenye hitilafu au kiziwi.

Sitakwambia kwamba chanjo haijawahi kuhusika na kifo, kuna kisa ambacho watu wa klipu wanakipenda na mimi nakipenda zaidi yao, cha visiwa vya Samoa. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa, chanjo ikasimamishwa, watu wakaogopa. Uchunguzi ukaonyesha manesi walichanganya ule unga na dawa ya kulegeza misuli iliyokuwa imeisha muda badala ya maji yake, wakafungwa jela. Chanjo haikuwa na kosa, lakini hofu ilishaingia, watoto waliochanjwa wakapungua mpaka kama theluthi moja. Mwaka uliofuata surua ikaingia kisiwani, nchi ya watu kama 200,000 tu ikapoteza watu 83, karibu wote watoto wadogo. Wawili kwa kosa la manesi, 83 kwa kukosa chanjo. Huko kwa mzungu wa klipu pia, Marekani walitangaza surua imekwisha kwao mwaka 2000, alafu 2025 ikawaka Texas kwenye jamii zisizochanja na watoto wawili wa shule ambao hawakuchanjwa wakafa.

Binti amepita mwezi mmoja tu dada, mpeleke wiki hii, na miezi 18 umrudishe.

"Sisi tuliugua wote na tuko hai"

*Musawo mimi ni mzee wa Arua, tulizaliwa tisa tuliugua surua wote kwa mama yetu, tukapona. Naona siku hizi mnatisha watu*

Mzee wangu, heshima yako, na nafurahi mko hai. Ila waliokufa hawawezi kuniandikia meseji. Kabla ya chanjo kuanza kutumika 1963 surua ilikuwa inaua kama watu milioni 2 na laki 6 kila mwaka duniani, na vijiji vingi wazee walikuwa hawamhesabu mtoto mpaka apite surua. Hata sasa, 2023 imekadiriwa iliua watu 107,500.

Kuna na jingine ambalo zamani hatukulijua. Mtoto anapona surua, vipele vimekauka, alafu miezi inayofuata anaumwa hiki anaumwa kile, kifua, tumbo, tukawa tunasema ana damu mbaya. 2019 watafiti walitoa matokeo ya damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, iliyopimwa kabla na baada ya surua, wakakuta ilikuwa imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga za mwili dhidi ya magonjwa mengine waliyoyapita zamani. Mwili unasahau, inabidi uanze kujifunza upya kwa kuumwa upya. Na wachache sana, miaka saba mpaka kumi baada ya kupona, kirusi kilichojificha ubongoni kinaamka na hapo hakuna dawa.

Wewe mwenyewe mzee ukiugua mara moja kinga ni ya maisha, hauhitaji chanjo. Wajukuu ndio nawaulizia.

Za haraka haraka

*Mwalimu wa nasari, Bombo: mtoto ana surua akae nyumbani siku ngapi?* Mpaka zipite siku nne tangu vipele vianze, na ujue alianza kuambukiza siku nne kabla ya vipele, kwa hio darasa lako limeshakutana nayo. Mwambie VHT au kituo cha afya leo, wasiochanjwa wakidungwa ndani ya masaa 72 tangu wakutane na mgonjwa wanaweza kuokoka. Na kadi za chanjo wakati wa kuandikisha watoto mziombe kweli, sheria ya chanjo ya 2017 inazitaka, shule nyingi zinauliza ada tu.

*Nina mimba ya miezi mitano na sijui kama nilichanjwa, jirani ana surua.* Usiende kumsalimia. Chanjo hii hatumpi mwenye mimba, lakini surua kwenye mimba inaleta kuharibika na uchungu wa mapema, nenda kliniki yako ya wajawazito uwaambie, ukijifungua ndio uchanjwe.

*Mtoto wangu ana virusi vya ukimwi yuko kwenye dawa, achanjwe?* Ndio, na anaanza mapema zaidi, miezi 6. Akiwa amedhoofika sana musawo wa dawa zake ataamua asubiri kidogo, muulize yeye sio mimi.

*Vipele vyangu vina maji ndani na vinawasha sana.* Hio si surua, pengine ni tetekuwanga, ugonjwa mwingine.

*Mtoto kachanjwa wiki iliyopita, leo siku ya nane ana joto na vipele viwili vitatu, mmeniletea surua nyumbani?* Hapana mama, wachache inawatokea kati ya siku ya 5 na ya 12, ni mwili unajifunza, haambukizi mtu na inaisha yenyewe kwa siku mbili tatu. Panado, maji mengi, mnyonyeshe, joto likizidi siku tatu mlete tumpime malaria.